Kijino Nilichokigeuza Ndani ya Rili

Nilimharibia mzee wa watu kazi yake kwa mkono wangu mwenyewe, halafu nikasimama kando nikinywa chai huku yeye akitukanwa. Nimeanza na hilo ili msipoteze muda kunitafutia huruma. Huruma yenu wapeni watu.

Jina langu halina maana. Mimi ni fundi wa cherehani Kariobangi, kwenye vile vibanda vya mabati ambapo jirani akikohoa unajua ameamkaje. Huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa nikishika bisibisi, na miaka hiyo yote nimekuwa mtu wa dharau.

Niliwadharau washonaji wanaoleta cherehani imejaa nyuzi na vumbi hadi haipumui, halafu wanasema, "Fundi, imegoma tu yenyewe." Yenyewe! Niliwadharau mafundi wenzangu wanaofunga kitu wakabaki na skrubu tatu mkononi, wakazitia mfukoni wakipiga mluzi. Na nilimdharau zaidi ya wote mtu aliyenifundisha kazi.

Huyo ni Mzee Nzioka. Kibanda chake kilipakana na changu, kipande cha mabati tu katikati. Alinipokea nikiwa sijui hata sindano ya cherehani inaingizwa upande gani. Alinilisha mchana, akanipa bisibisi yangu ya kwanza, akanitafutia na kibanda kilipopatikana kimoja wazi. Mtu mwenye akili angemheshimu hadi kaburini. Mimi nikaona nimemzidi!

Kwa sababu gani? Kwa sababu macho yake yalianza kuingia ukungu. Alifanya kazi na lenzi jichoni, uso ameuinamisha hadi pua inakaribia kuingia kwenye mafuta. Kazi ya saa tatu ilimchukua siku tatu. Nami nilikuwa nasema kwa sauti ya kutosha asikie: "Leo Mzee amefungua skrubu mbili! Tumpigieni makofi!"

Mafundi wanacheka. Na yeye anacheka pia, anafuta lenzi yake, anaendelea. Kule kucheka kwake kuliniudhi kuliko kama angenitukana.

Lakini nisijifanye tatizo lilikuwa macho yake. Tatizo lilikuwa wateja. Wenye maduka wa Eastleigh walikuwa wanapita kibanda changu chenye rangi mpya na bango kubwa, wanakwenda kukaa kwenye kigoda cha Mzee na kumngoja amalize kupangusa lenzi. Mimi nipo hapo, nina macho mawili mazima, sina kazi mkononi. Wivu ulinikaa kooni, na sikuwa na ujasiri wa kuuita kwa jina lake.

Mmoja wa wateja hao alikuwa Bwana Feisal, mwenye duka la vitambaa. Siku moja akaja na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Akakifungua juu ya meza ya Mzee, na mimi nikanyoosha shingo.

Ilikuwa rili ya kuvulia samaki, lile gurudumu dogo la kuzungushia uzi ambalo hufungwa kwenye fimbo ya kuvulia. Alikuwa ameiokota kwenye rundo la vyombo vya mitumba, katikati ya masufuria na saa za ukutani zilizokufa. Shaba ilikuwa imegeuka kijani, mkono wa kuzungushia umekwama, na ndani grisi ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama sukari guru.

"Mzee wangu, hii waweza kuifufua?" Bwana Feisal akauliza. "Jumapili huwa twaenda bwawani na wenzangu. Wao wana mpya za plastiki. Mimi nimependa hii."

Nilicheka peke yangu. Mtu mzima, ana duka, ana friji nyumbani, anaendesha gari masaa mawili akakae juani kungoja samaki ambao wamejaa sokoni! Na bado anataka kuwangoja kwa chuma cha takataka.

Mzee Nzioka hakucheka. Aliichukua ile rili akaigeuza-geuza, akaipitishia vidole kila upande, akaisogeza sikioni akaitikisa.

"Ngoja nione," akasema. "Usinikimbize tu."

Basi alianza. Siku ya kwanza aliiloweka kwenye mafuta ya taa, hakuigusa. Siku ya pili akaiosha kwa mswaki. Akafungua skrubu moja moja na kuzipanga kwenye kifuniko cha mkebe kwa utaratibu zilivyotoka. Springi ya ndani ilikuwa imekatika. Akatengeneza nyingine kutoka kwenye utepe wa saa ya zamani, akaukunja mara nne na kuutupa mara nne kabla ya kukubali wa tano. Kila akimaliza kufunga alikuwa anazungusha mkono wa rili karibu na sikio, anasikiliza ule mlio wa tik-tik-tik, anatikisa kichwa, anafungua tena.

"Mzee, hiyo ni redio?" nikamuuliza.

"Ni afadhali ya redio," akanijibu. "Hii haidanganyi."

Wiki mbili! Wiki mbili kwa kitu cha kuchezea! Nikawaambia wenzangu kwamba huyu sasa ni wa kupelekwa nyumbani akachunge mbuzi.

Alipomaliza, nakubali leo kwa uchungu, rili ilikuwa nzuri. Haikung'aa kama vitu tunavyopiga rangi hapa ili mteja adanganyike. Ilikuwa safi tu, imetulia, inazunguka bila kusita.

Siku hiyo hiyo alipigiwa simu kwamba shemeji yake amefariki huko kwao Ukambani. Akafunga kibanda, akaja kwangu na ile rili imefungwa kwenye kitambaa.

Hapa kwetu kuna desturi moja, na wale wa vibanda mnaijua. Fundi akiondoka, jirani anampokelea na kumkabidhia kazi. Unaiweka chini ya meza yako, mteja akija unampa, basi. Huifungui. Huichungulii. Kazi ya fundi mwingine haiguswi, hata kama unaona ameifunga juu chini. Hatuna karatasi wala mashahidi, tuna hiyo desturi tu, na ndiyo inayofanya mtu aende mazishini kwao bila wasiwasi.

"Bwana Feisal atakuja kesho," Mzee akaniambia. "Umpe hii. Na kuna kitu kidogo nataka nikueleze, huyu mwenyewe ni mtu wa—"

"Nimejua, Mzee, nimejua," nikamkata. "Enda usichelewe gari. Pole sana kwa msiba."

Kwa nini nilimkata? Kwa sababu sikuweza kuvumilia kufundishwa na mtu asiyeona! Alikuwa na sentensi moja tu ya kunieleza na mimi nikamnyima nafasi.

Alipopotea kwenye kona, nikaitoa rili kwenye kitambaa. Nilijiambia nataka kuiangalia tu. Mwongo! Nilitaka kumkuta na kosa. Nilikuwa na hamu nalo jinsi wengine wanavyokuwa na hamu ya nyama. Nikachukua bisibisi, nikafungua.

Nieleze hapa, mnielewe. Ndani ya rili ya namna hiyo kuna gurudumu lenye meno, na kando yake kijino kimoja kidogo kinachosukumwa na springi. Kijino kikielekea upande mmoja, wewe unazungusha kwa urahisi, lakini samaki akivuta anakuta uzito. Ukikigeuza upande wa pili, mambo yanabadilika. Wewe ndiye unayekuta uzito, na samaki anakimbia na uzi apendavyo.

Nilikuwa nimetazama video mbili tatu kwenye simu wakati Mzee anahangaika, ili nipate la kumcheka. Kwenye zile video kijino kilielekea kulia. Hiki cha Mzee kilielekea kushoto.

Nikapiga paja. Nimempata! Amekifunga kinyume! Wiki mbili, lenzi jichoni, sikio kwenye chuma, halafu amekifunga kinyume! Nikakigeuza. Dakika mbili. Nikafunga, nikazungusha kwa mkono wa kulia, laini kabisa. Nikajiona daktari.

Na bado ningeweza kuokoka, sikilizeni. Kesho yake Bwana Feisal alikuja. Nikampa kitambaa, akafungua, akatabasamu kama amepewa mtoto. Akaishika rili kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ukaenda kuzungusha.

Mkono wa kushoto! Bwana Feisal ni mashoto. Hilo ndilo Mzee alitaka kuniambia. Hakuwa amekosea chochote. Alikigeuza kijino makusudi, kwa ajili ya mkono wa mtu huyu mmoja unaozungusha kinyume na wetu, na mimi nikamsahihisha!

Bwana Feisal akazungusha tena, akakunja uso.

"Fundi, mbona yakaza hivi?"

Ningesema, "Nipe, nilikosea, ngoja nigeuze." Maneno manne na dakika mbili. Lakini ningesema hivyo ingejulikana nimefungua kazi ya mwenzangu, na ningechekwa hapa hadi leo. Mimi, mcheka watu, nichekwe? Haiwezekani!

"Ni springi mpya," nikamwambia. "Itazoea. Ndio kazi ya Mzee hiyo."

Ndio kazi ya Mzee. Niliyasema maneno hayo kwa mdomo huu ninaolia ugali.

Jumatatu Mzee Nzioka alikuwa amerudi, amekaa kwenye kibanda chake na shati jeusi la msiba. Tulikuwa tumekunywa chai nusu kikombe Bwana Feisal alipofika. Kidole chake cha shahada kilikuwa na bandeji. Hakusalimia. Aliitupa rili juu ya meza, skrubu zilizopangwa kwenye mkebe zikaruka na kumwagika chini.

"Mzee, wanifanyia mzaha?" akasema, na mafundi wa pande zote wakazima mashine zao. "Nimempata samaki wa haja, wa kwanza mwaka huu! Akavuta mara moja, chombo chako chazunguka chenyewe, uzi wote wafumuka mikononi! Nimeushika, umenikata hadi mfupa! Wenzangu wamecheka hadi wamelala chini!"

"Hebu nione," Mzee akasema kwa upole.

"Uone kwa nini? Kwa macho gani? Kama huoni, sema huoni, Mzee! Usichukue kazi za watu!"

Mzee alifungua rili bila kuitazama, kwa vidole tu. Kidole chake kidogo kiliingia ndani, kikagusa kijino, kikakaa hapo. Nilikiona kikirudi kugusa mara ya pili, kisha ya tatu.

"Kimeelekea kulia," akasema polepole. Akanigeukia. "Wewe hukuifungua?"

Nawaapia, hakuuliza kwa kushuku. Aliuliza jinsi mtu anavyouliza kama mvua imenyesha. Watu wote walinitazama. Kikombe kilikuwa mdomoni mwangu.

"Mimi?" nikasema. "Siwezi kugusa kazi yako, Mzee. Unanijua."

"Nakujua," akasema. "Samahani hata kwa kukuuliza."

Aliniomba samahani! Mimi!

Akainuka, akamwambia Bwana Feisal mbele ya kila mtu, "Umesema kweli. Nilidhani nimekigeuza na kumbe sijakigeuza. Nisamehe kwa kidole chako." Kisha akapiga magoti kwenye vumbi, akaanza kuokota skrubu zake kwa kupapasa. Hakuna aliyemsaidia mara moja. Nilipoinama hatimaye kumsaidia, akasema, "Asante, mwanangu."

Mnajua mtu anavyokufa akiwa hai? Si macho yaliyomwangusha Mzee Nzioka. Macho alishazoea kuyakosa. Alikuwa anaiamini mikono yake. Siku ile alijua, kwa ushahidi wangu mimi, kwamba mikono nayo imeanza kumdanganya.

Wiki zilizofuata alianza kuniletea kila kazi niikague. "Hebu tazama, nimefunga sawa?" Iko sawa, Mzee. Iko sawa kabisa. Alikuwa anarudi nayo mezani, anaifungua tena, anaifunga tena. Sikuwa na kitu cha kumcheka tena, na mafundi wengine walianza kumcheka badala yangu. Eastleigh nako neno lilifika upesi. Kigoda chake kikakaa wazi.

Mwezi wa pili baada ya hapo akafunga kibanda. Asubuhi moja alikuja na lile sanduku lake la vifaa, bisibisi za saa, koleo ndogo, lenzi yake ikiwa juu ya vyote. Akaliweka mezani kwangu.

"Hivi ni vyako," akasema. "Wewe ndiye nakuamini."

Na nikavichukua! Ningeweza kuanguka miguuni pake pale pale. Badala yake nikasema asante, nikalisogeza sanduku chini ya meza ili lisizuie njia. Halafu mtu kama mimi akipita barabarani watu wanamwita fundi!

Mnataka kujua nilifaidika nini? Wateja wa Mzee walikuja kwangu, naam. Walikaa mwezi. Wakaleta vitu vyao vya zamani, mizani, saa, taa za shinikizo, na mimi nikagundua ninachojua ni kubadilisha vipuri tu. Kutengeneza kitu ambacho kipuri chake hakiuzwi popote, hilo lilikuwa la Mzee. Nilikuwa nimezoea kulikuta jibu upande wa pili wa mabati. Nikikwama nilikuwa nageuza kichwa kumuuliza, nakuta kufuli. Wateja wakaenda zao, na sikuwalaumu.

Miezi minane tangu siku ile ya rili nilishindwa kubeba. Nikaichukua ile rili, iliyobaki ndani ya sanduku la Mzee kwa sababu Bwana Feisal hakuitaka tena, nikaenda Kayole anakokaa Mzee na mkewe, Mama Ndinda. Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilimkuta Mzee amekaa sebuleni, mikono ameilaza mapajani. Sikuwahi kumwona bila kitu mkononi tangu nimjue.

Sikungoja chai. Nikapiga magoti kwenye zulia.

"Mzee, ni mimi. Rili ya Feisal niliifungua mimi, siku ulipoenda mazishini. Wewe ulikuwa umeifunga sawa. Nikakigeuza kijino nikidhani umekosea. Halafu nikakudanganya mbele ya watu."

Mama Ndinda alisimama mlangoni na birika. Nilikuwa tayari kwa lolote, matusi, fimbo, kufukuzwa. Nilikuwa nayatamani, Mungu ni shahidi wangu.

Mzee akatabasamu.

"Inuka, mwanangu," akasema. "Nilijua utakuja siku moja na kitu cha namna hii."

"Ulijua?"

"Mama Ndinda ameniambia mnanihurumia huko. Lakini usijichafue jina kwa ajili yangu. Mimi nimekubali. Mtu anazeeka."

"Mzee, nakuambia ukweli! Ni mimi!"

"Haya, ni wewe," akasema, kama unavyombembeleza mtoto.

Nikachanganyikiwa. Nikatoa bisibisi mfukoni, nikaifungua rili pale pale mbele yake. "Shika hapa, Mzee. Gusa! Hivi ndivyo ulivyokiacha." Nikakirudisha kijino kushoto. Nikamshika kidole nikakipeleka pale. "Na hivi ndivyo nilivyofanya." Nikakigeuza kulia. Dakika mbili, kama siku ile.

Vidole vyake vikafuata vyangu hatua kwa hatua. Nikaona uso wake unafunguka, nikadhani sasa ameelewa.

"Mama Ndinda, njoo uone!" akaita. "Ona mkono wa huyu ulivyo mwepesi! Hajaangusha hata skrubu moja. Huyu nilimfundisha mimi!"

Akacheka kwa furaha, machozi yakamtoka. Kisha akamwambia mkewe, kana kwamba mimi sipo, "Amekuja kunibebea makosa yangu. Watoto wetu wa kuzaa wangefanya hivi?"

Nikamtazama Mama Ndinda. Yeye aliniamini, nililiona hilo usoni mwake waziwazi. Alisimama na birika lake akinitazama bila kupepesa. Kisha akamwangalia mumewe anavyocheka, akanimiminia chai, hadi juu, akaiweka mbele yangu. Nilipomaliza akanisindikiza mlangoni.

"Usirudi kumwambia tena," akaniambia. "Amefurahi leo. Hilo basi mwachie."

Sasa nyinyi mnaosoma huku mnanisonya, fanyeni hivyo, mna haki. Lakini wewe uliyefungua kazi ya mwenzako ukaiharibu, wewe uliyemwachia mwingine lawama zako kazini, kanisani, nyumbani, na unajiambia utasema siku moja mambo yakipoa, nisikilize vizuri. Usiyangoje yapoe! Sema leo, utukanwe leo, uchekwe leo! Ukweli nilikuwa nao mkononi asubuhi ile mbele ya Bwana Feisal, ungenigharimu aibu ya mchana mmoja. Nikauweka miezi minane. Nilipoutoa haukuwa na kazi tena.

Mzee Nzioka ananiombea kila Jumapili, anamshukuru Mungu kwa kumpa mtu mwaminifu. Nilimwambia ukweli wote nikiwa nimepiga magoti, na akaniambia asante.